Uanzie Wapi: Grafu, Ikisiri au Utangulizi? Njia Tatu za Kuandika Makala ya Utafiti

Makala ya kisayansi husomwa kwa mpangilio mmoja na mara nyingi huandikwa kwa mwingine. Msomaji hukutana kwanza na anwani, kisha ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Lakini mwandishi aliyemaliza kukusanya data na kukaa mbele ya ukurasa mtupu halazimiki kupita njia hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi hukwama. Msimamizi mmoja humwambia aanze na grafu, mwingine humtaka aandike ikisiri kwanza ili ajue anakokwenda, na desturi ya tasnifu imekwisha kumzoesha kuanza na utangulizi na kushuka sura baada ya sura. Kila ushauri una sababu yake, na kila mmoja una mtego wake.

Kabla ya kuzilinganisha njia hizo tatu, inafaa kukumbuka kwamba mpangilio tunaouona katika makala zilizochapishwa uliwekwa kwa faida ya msomaji. Jarida la Philosophical Transactions, lililoanza kutolewa London mwaka 1665, lilijaa barua na masimulizi ya majaribio yaliyofuata mtiririko wa matukio, na ni katika nusu ya pili ya karne ya 20 ndipo mgawanyo wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala ulipotawala majarida ya tiba. Hata leo si amri kwa wote: jarida la Nature huweka maelezo ya mbinu mwishoni, baada ya mjadala. Ikiwa majarida yenyewe huhamisha sehemu kwa ajili ya wasomaji wao, mwandishi naye anaweza kuzihamisha kwa ajili ya fikra zake, mradi mwishoni azirudishe mahali zinapotakiwa.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia tatu kwa maswali manne. La kwanza ni uwazi wa hoja: je, njia hii inamsaidia mwandishi kuliona jambo moja ambalo makala yake inasema, au inamwacha na rundo la mambo? La pili ni uaminifu kwa data: inamzuia asidai zaidi ya alichopima, au inamrahisishia kufanya hivyo? La tatu ni kazi inayopotea, yaani kurasa zinazoandikwa kwa jasho kisha zikatupwa. La nne ni waandishi-wenza, kwa kuwa makala nyingi za siku hizi zina majina zaidi ya moja, na rasimu inayoeleweka na mtu mmoja tu huwachelewesha wote. Kasi sikuifanya kigezo cha peke yake, kwa sababu wepesi wa rasimu ya kwanza hauna faida kubwa iwapo rasimu ya tano bado haina hoja.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti ameloweka mbegu usiku kucha kabla ya kuzipanda, akazilinganisha na mbegu zilizopandwa kavu. Amepima siku za kuota, urefu wa miche baada ya wiki nne, na uzito wa mavuno. Mbegu zilizolowekwa ziliota mapema zaidi, lakini mavuno hayakutofautiana. Utafiti huu mdogo unatosha kuonyesha jinsi data zile zile zinavyoweza kuzaa makala tatu zisizofanana.

Njia ya kwanza: kuanza na grafu na majedwali

Katika njia hii mwandishi hutengeneza kwanza grafu na majedwali yote yanayoweza kuingia katika makala, huyapanga mbele yake, huandika maelezo chini ya kila moja, kisha hujenga sehemu ya matokeo kwa kuyafuata. Utangulizi na mjadala huja baadaye, na ikisiri huwa ya mwisho kabisa.

Uwazi wa hoja. Nguvu ya njia hii ni kwamba inamlazimisha mwandishi kuziona data kabla ya kuzisemea. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11 za namba, ambazo wastani wake, mtawanyiko wake na kipimo chake cha uhusiano (takriban 0.82) vilikuwa karibu sawa kabisa. Zilipochorwa, ya kwanza ilionyesha nukta zilizotawanyika kwa kawaida kandokando ya mstari, ya pili ilikuwa mkunjo, ya tatu ilikuwa mstari ulionyooka ulioharibiwa na nukta moja tu, na katika ya nne nukta zote isipokuwa moja zilisimama wima mahali pamoja. Mwandishi ambaye angeanza na sentensi angeweza kusema neno lile lile kuhusu seti zote nne, na asijue kwamba amekosea. Katika mfano wetu, mtafiti anayechora nukta ya kila mbegu badala ya wastani wa kundi huenda akaona kwamba karibu faida yote imetoka kwenye mbegu zilizokaa ghalani muda mrefu, na hapo makala imebadilika kabla haijaandikwa.

Hata hivyo grafu huonyesha kilichotokea bila kusema kwa nini kina maana. Mwandishi aliyezitolea jasho grafu kumi huziingiza zote, na makala hugeuka kuwa maonyesho ambayo msomaji hupitishwa chumba baada ya chumba bila kuambiwa amekuja kuona nini. Kipimo ninachokiamini ni kuandika chini ya kila grafu sentensi moja kamili inayosema kinachoonekana, yenye kitenzi. “Siku za kuota kwa makundi mawili” ni kichwa tu na haisemi lolote; “Mbegu zilizolowekwa ziliota mapema kuliko zilizopandwa kavu” ni dai ambalo msomaji anaweza kulikagua. Grafu mbili zikihitaji sentensi ile ile, moja itoke. Grafu isiyopata sentensi yoyote ipelekwe kwenye nyongeza au iachwe.

Uaminifu kwa data. Hapa njia hii ina sura mbili. Kwa upande mmoja, mwandishi anayetazama mipaka ya uhakika (upeo ambamo thamani halisi inakadiriwa kuwamo) ikiwa imechorwa kwenye grafu huona aibu kuandika “ongezeko kubwa” pale ambapo makundi mawili yamelaliana. Kwa upande mwingine, anayetoka kwenye grafu kwenda kwenye utangulizi yuko jirani na kosa ambalo mwanasaikolojia Norbert Kerr alilipa jina katika makala ya mwaka 1998: kuwasilisha nadharia tete iliyobuniwa baada ya matokeo kujulikana kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo. Mtafiti wetu aliyegundua jambo la umri wa mbegu kwa kuchora hawezi kuandika kwamba alitarajia umri ungekuwa na athari. Anapaswa kusema kwamba uchanganuzi huo haukupangwa, na kwamba unahitaji jaribio jingine la kuuthibitisha. Sentensi hiyo haipunguzi heshima ya makala; wahakiki makini huipokea vizuri kuliko bahati iliyovishwa joho la utabiri.

Kazi inayopotea. Nathari inayotupwa ni kidogo. Kinachopotea ni saa za kupamba, kwa kuwa wengi hurekebisha rangi na ukubwa wa herufi za grafu ambayo haitafika hata kwenye rasimu ya pili.

Waandishi-wenza. Kikao kimoja kuzunguka grafu sita huzaa mengi kuliko wiki za kurushiana rasimu ya kurasa 30, kwa sababu mtaalamu wa takwimu na aliyekuwa shambani akihesabu miche wote wana la kusema juu ya kitu kile kile.

Njia hii inamfaa mwenye data kamili na hoja isiyokaa sawa bado, hasa katika taaluma za majaribio na vipimo. Haimfai sana anayeandika kazi ya nadharia au ya mahojiano, ambako ushahidi wenyewe ni maneno, ingawa hata huyo anaweza kuanza na jedwali la mada na dondoo za washiriki na akanufaika kwa namna ile ile.

Njia ya pili: kuanza na ikisiri

Mwandishi wa njia hii huandika ikisiri kana kwamba makala imekwisha, akiwa na ukomo wa maneno mkononi. Majarida hutofautiana katika ukomo huo: PLOS ONE huruhusu maneno yasiyozidi 300, ilhali Science limezoea kubana hadi kiasi cha 125. Tangu mwaka 1987, jarida la Annals of Internal Medicine lilipoanza kutaka ikisiri zenye vichwa vidogo vya lengo, mbinu, matokeo na hitimisho, muundo huo umeenea katika tiba, na ni kiunzi kizuri cha rasimu hata kwa anayeandikia jarida lisiloudai.

Uwazi wa hoja. Kwa kigezo hiki njia ya pili ina nguvu kuliko nyingine, kwa sababu ya ufinyu wenyewe. Maneno 250 hayana nafasi ya hoja tatu. Mtafiti wa mbegu atalazimika kuchagua kati ya “Kuloweka mbegu kunaharakisha kuota bila kubadilisha mavuno” na “Kuloweka mbegu kunasaidia zaidi mbegu zilizohifadhiwa muda mrefu”, na uchaguzi huo ukifanyika mapema, kila aya inayofuata itajua bwana wake ni nani. Makala ya James Watson na Francis Crick kuhusu umbo la DNA, iliyotoka katika Nature tarehe 25 Aprili 1953, ilichukua zaidi kidogo ya ukurasa mmoja na mchoro mmoja, na sentensi yake ya kwanza kabisa ilitangaza kwamba waandishi wanapendekeza muundo wa molekuli hiyo. Si kila mmoja wetu ana DNA ya kutangaza, lakini ujasiri wa kusema jambo katika sentensi ya kwanza hauhitaji ugunduzi wa aina hiyo.

Uaminifu kwa data. Hapa ndipo njia hii inapoyumba. Sentensi iliyoandikwa vizuri hupendeza macho ya aliyeiandika, na baada ya siku chache huanza kutafutiwa ushahidi badala ya kupimwa kwa ushahidi. “Kuloweka mbegu kunaongeza tija” ni maneno matamu, nayo huweza kukaa juu ya rasimu kwa mwezi mzima ilhali jedwali la mavuno linayakanusha. Hatari ni kubwa kwa kuwa ikisiri ndiyo sehemu inayosomwa na watu wengi zaidi: PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za makala za tiba iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1996, huionyesha bure hata pale makala yenyewe inapofungiwa nyuma ya malipo, na msomaji wa namna hiyo hana jedwali la kumsahihisha. Ndiyo maana waandaaji wa mwongozo wa CONSORT kwa majaribio ya tiba walitoa mwaka 2008 orodha ya pekee kwa ajili ya ikisiri.

Tahadhari iliyonisaidia ni kuandika ikisiri ya kwanza ikiwa na nafasi tupu kila mahali panapohitaji namba, na kuzijaza kwa kunakili kutoka kwenye majedwali tu, kamwe si kwa kumbukumbu. Dai lolote la matokeo lisilopata namba ya kuliegemea hupunguzwa nguvu au hufutwa. Makala ikikamilika, ikisiri huandikwa upya kuanzia neno la kwanza, kwa kuwa ile ya mwanzo ilikuwa ramani ya mtu ambaye alikuwa hajasafiri.

Kazi inayopotea. Ni ndogo mno. Kuandika maneno 250 mara saba bado ni kazi nyepesi kuliko kutupa sura moja ya mjadala.

Waandishi-wenza. Ikisiri hutumwa kwa barua pepe asubuhi na majibu huweza kurudi jioni, hivyo tofauti za msimamo hujitokeza mapema, kabla mtu hajaumizwa na kufutiwa kurasa zake. Upungufu ni kwamba mwandishi-mwenza mwenye shughuli nyingi anaweza kuridhia ikisiri bila kuzitazama data, kisha akaja na pingamizi siku ya kuwasilisha.

Inamfaa mwenye matokeo ambayo tayari yamechanganuliwa na kukaguliwa, mwenye muda mfupi, au mwenye mambo mengi mno ya kusema. Anayelazimika kuwasilisha ikisiri kwenye mkutano wa kitaaluma kabla ya kuandika makala tayari amewekwa kwenye njia hii, apende asipende.

Njia ya tatu: kuanza na utangulizi

Hii ndiyo njia iliyozoeleka: mwandishi anasoma kazi za waliomtangulia, anaonyesha pengo, anauliza swali, kisha anaendelea na mbinu, matokeo na mjadala kwa mpangilio ule ule utakaochapishwa.

Uwazi wa hoja. Faida yake ni swali. Makala nyingi zisizoeleweka zina matokeo safi kabisa, ila msomaji hajui yanajibu nini, na mwandishi aliyeanza na utangulizi hupata nafasi ya kulinoa swali hadi likate. Mtego wake ni upana. Mtafiti wetu wa mbegu huanza na ongezeko la watu duniani, akapitia historia ya kilimo, akagusa mabadiliko ya tabianchi, na mbegu zenyewe zikatokea ukurasa wa nne zikiwa zimechoka. Nakiri kwamba utangulizi wa makala yangu ya kwanza ulikuwa na kurasa 11, na mhakiki mmoja aliandika kwa upole kwamba makala ilikuwa inaanza kwenye aya ya pili ya ukurasa wa tisa. Alikuwa na haki. Tangu hapo hujiuliza kama aya ya kwanza ingeweza kubandikwa kwenye makala ya mtu mwingine yeyote wa fani yangu bila kubadilishwa neno. Ikiwa ingeweza, naifuta.

Uaminifu kwa data. Kwa kigezo hiki njia ya tatu inaweza kuwa imara kuliko zote, kwa sharti moja: utangulizi uandikwe kabla matokeo hayajajulikana. Swali na nadharia tete vikikaa kwenye karatasi yenye tarehe, mwandishi hawezi kujidanganya kwa urahisi baadaye. Mwaka 2013 jarida la Cortex lilianzisha utaratibu wa ripoti zilizosajiliwa, ambapo utangulizi na mbinu huhakikiwa kabla ya data kukusanywa, na kazi inayopita hatua hiyo huahidiwa kuchapishwa matokeo yawe yoyote, mradi mpango ufuatwe. Katika tiba, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ilianza mwaka 2005 kudai majaribio yasajiliwe kabla ya kuandikisha washiriki. Utangulizi unaoandikwa baada ya data hauna kinga hiyo. Huo hubeba hatari ile ile ya njia ya kwanza, pamoja na kishawishi cha kunukuu tafiti zinazokubaliana nasi na kuzisahau zinazopinga.

Kazi inayopotea. Ni kubwa kuliko katika njia nyingine. Matokeo yakigeuza hoja, utangulizi wote huandikwa upya, na mapitio yaliyoandikwa miaka miwili kabla ya kuwasilisha huwa yamepitwa.

Waandishi-wenza. Kila mmoja hutaka kazi anazozithamini zitajwe, na kwa kuwa bado hakuna matokeo ya kuamua kipi kinahusika, utangulizi hunenepa tu.

Inamfaa anayeandika ripoti iliyosajiliwa, mwanafunzi ambaye bado anajifunza mipaka ya fani yake, na mtafiti wa nadharia. Inamchelewesha aliye na data mkononi na tarehe ya mwisho mlangoni.

Ambayo hayabadiliki kwa njia yoyote

Msomaji ataona kwamba sikuiweka sehemu ya mbinu kama mlango wa nne. Sababu ni kwamba mbinu hazihitaji hoja ili ziandikwe; zinahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu huisha. Ziandikwe wakati kazi ingali inaendelea, ilhali kiasi cha maji, muda wa kuloweka na idadi ya mbegu zilizooza bado vimo kwenye daftari. Mwongozo wa kuripoti unaoendana na aina ya utafiti nao usomwe mapema: CONSORT, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1996, kwa majaribio ya tiba yenye kupanga washiriki kwa bahati nasibu, STROBE wa mwaka 2007 kwa tafiti za uchunguzi, PRISMA, uliotoka mwaka 2009 na kurekebishwa katika toleo la 2020, kwa mapitio yenye utaratibu maalumu. Anayeusoma baada ya kumaliza hugundua kwamba alipaswa kuhesabu waliojitoa, na sasa hawezi kuwahesabu.

Jingine ni istilahi. Kitu kimoja kiitwe jina moja kuanzia anwani hadi hitimisho. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni upungufu wa lugha, lakini katika makala ya utafiti “miche”, “mimea michanga” na “chipukizi” zikitumika kwa kupokezana, msomaji makini atadhani ni vipimo vitatu.

Kuchagua kwa kuangalia hali uliyo nayo

Jambo la kujiuliza ni nini ambacho bado hukijui. Ikiwa data zipo lakini hujui zinasema nini, au mnabishana kuhusu kilichopatikana, grafu ndizo zitakazosuluhisha, na kuandika aya yoyote kabla yake ni kubahatisha. Ikiwa unajua ulichopata lakini kila unayemweleza anabaki na swali la “kwa hiyo?”, andika ikisiri na uendelee kuiandika hadi mtu asiye wa fani yako aweze kuirudia kwa maneno yake. Ikiwa huna hakika swali lako ni jipya, au data hazijakusanywa, utangulizi ndio mahali pako, na afadhali uandikwe kwa kurasa chache.

Mwenye tasnifu anayetaka kutoa makala ndani yake yuko katika hali ya pekee. Tayari ana utangulizi, na mrefu, kwa hiyo kishawishi ni kuupunguza kwa kufuta sentensi hapa na pale. Namshauri auweke kando kabisa, achague grafu tatu au nne zinazojibu swali moja, aandike ikisiri juu yake, na autazame tena ule wa zamani kama ghala la marejeleo tu.

Kundi kubwa la waandishi lililotawanyika mbali linaweza kuunganisha njia mbili bila matatizo: grafu zizungushwe kwanza, kila mmoja aandike peke yake ikisiri ya maneno 200 bila kuona za wenzake, kisha zilinganishwe. Zikifanana, kazi iliyobaki ni ya uandishi. Zikitofautiana, tofauti hiyo ingetokea hata hivyo, na ni heri imetokea kabla ya mhakiki kuiona.

Anayeandikia jarida la lugha ambayo si ile anayofikiria kwayo ana sababu ya ziada ya kuepuka utangulizi mwanzoni, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayodai ufasaha mwingi zaidi wa lugha. Maelezo ya grafu ni sentensi fupi zenye vitenzi vichache vinavyojirudia, na yanaweza kuandikwa kwa usahihi hata na mwenye msamiati mdogo. Ikisiri ya kwanza anaweza kuiandika kwa lugha yake mwenyewe, akaikamilisha humo hadi hoja isimame, na ndipo aihamishie kwenye lugha ya jarida sentensi kwa sentensi, akiwa na grafu kando.